Risasi ardhini: kiwanda kikifungwa, sumu haiondoki nacho

Kwa Kiswahili chetu, risasi ni jina la vitu viwili. Kuna ile itokayo kwenye bunduki, na kuna madini mazito, laini, ya kijivu ambayo hiyo ya bunduki hutengenezwa nayo. Madini hayo hayo yamo ndani ya betri ya gari, ya tuktuk na za sola majumbani. Bongwe hatuna kiwanda cha silaha, lakini betri zilizokufa tunazo, na hazikosi wa kuzinunua. Ndiyo maana somo la kusafisha ardhi iliyoharibiwa na viwanda vya silaha linatuhusu.

Mfano wa karibu uko ng'ambo ya kivuko cha Likoni, katika mtaa wa Owino Uhuru, Mikindani. Kiwanda kilichopakana na nyumba za watu kilikuwa kikiyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Moshi ulitua juu ya mabati na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Mfanyakazi wa zamani wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, ambaye mwanawe aliugua, aliongoza wakazi kudai haki na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikuwa kimefungwa mwaka uliotangulia.

Wengi hudhani hapo mambo yameisha. Lakini risasi haiozi wala haichakai. Ikishatua kwenye udongo hukaa pale pale juu, mahali mtoto anapotambaa na kutia mkono mdomoni. Mwili wa mtoto hunyonya risasi iliyomezwa mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Hupunguza damu, huumiza figo na hudhoofisha ubongo unaokua. Mzazi huona mtoto mzito wa masomo tu, asijue sababu.

Sasa, mtu anajuaje kama sumu imetoka kiwandani na si kwingineko? Kwa kulinganisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ulipima damu ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Owino Uhuru na katika Bangladesh, mtaa mwingine wa Mombasa usiopakana na kiwanda hicho. Owino Uhuru, asilimia 45 ya watoto walikuwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu. Bangladesh, asilimia 15. Wastani wa risasi katika udongo ulikuwa miligramu 146.5 kwa kilo upande mmoja, na 11.5 upande wa pili. Bila huo mtaa wa pili, tarakimu za wa kwanza zingebishaniwa hadi leo.

Kabla ya kuchimba udongo, mpimaji mzuri huanza na wazee wa mtaa na vibarua wa zamani. Jivu lilimwagwa wapi? Mtaro ulipita wapi kabla ya nyumba hii kujengwa? Kisha huangalia upepo, na hapa pwani upepo una misimu miwili: moshi wa kusi hauangukii ulipoangukia wa kaskazi, kwa hivyo pande zote mbili hupimwa. Sampuli huchukuliwa kwa miraba, juu na chini zaidi, kila moja na alama ya mahali na tarehe. Vumbi la ndani ya nyumba na la paa nalo hupimwa, hasa pale watu wanapokinga maji ya mvua.

Kiwanda cha silaha kina ugumu wake. Risasi hung'ang'ania udongo, lakini baadhi ya kemikali za baruti huyeyuka na kufuata maji hadi kisimani. Kwa hivyo huchimbwa visima vya kupimia, na maji hupimwa miaka nenda miaka rudi. Huko Weldon Spring, Missouri, Marekani, palitengenezwa baruti ya TNT wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na baadaye pakasafishwa madini ya urani. Mabaki yake yalizikwa katika kilima cha mawe kilichokamilika mwaka 2001, chenye urefu wa mita 23 hivi. Wageni hukipanda. Walio chini yake bado wanapima maji.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Chanzo huzimwa, udongo wa juu ukaondolewa au kufunikwa kwa udongo safi, nyumba zikapigwa deki, na matibabu yakaandamana na hayo. Jimbo la Zamfara, Nigeria, ambako zaidi ya watoto 400 walikufa mwaka 2010 kwa risasi iliyotokana na uchimbaji wa dhahabu, madaktari walisisitiza vijiji visafishwe kwanza. Mtoto aliyetibiwa akirudi kwenye ua uleule huanza upya.

Gharama nayo si ya mchezo. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi wa Owino Uhuru walipwe shilingi bilioni 1.3, na mtaa usafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe milioni 700 za kazi hiyo. Lawama hazikuangukia kampuni peke yake. Taasisi za serikali ziligawiwa fungu lao, jambo ambalo sisi wa ofisi za umma hatuna budi kulikumbuka. Rufaa ilibatilisha uamuzi mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikaurejesha Desemba 2024, miaka kumi baada ya kiwanda kufungwa.

Kwa hivyo, betri kuukuu isipasuliwe uani wala kuyeyushwa kwenye sufuria. Anayenunua ploti aulize palikuwa na nini. Ukishuku, pigeni deki badala ya kufagia pakavu, mtoto anawe mikono kabla ya kula, na kituoni mwambie daktari wazi kwamba unataka damu ipimwe risasi. Ripoti kwa afisa wa afya ya umma au NEMA. Kifungu cha 70 cha Katiba kinakuruhusu hata kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia. Na udongo usikwanguliwe na kumwagwa kwingine kabla haujapimwa, hata kama mwenye lori anajitolea kuubeba bure.