Somo la Kiingereza: Je, Ni Nani Atakayefanya?

Wakulima wengi wa skimu hupokea barua na mapatano yaliyoandikwa kwa Kiingereza. Huenda maneno yenyewe ni mepesi, lakini mara nyingi hayasemi ni nani atakayefanya kazi, wala ni nani atakayelipa. Yafaa mkulima aijue namna hii ya kusema kabla ya kutia sahihi.

Kwa Kiswahili twasema, "Mkulima anakamua ng'ombe." Mkulima ndiye mtenda, naye ametajwa kwanza. Twaweza pia kusema, "Ng'ombe anakamuliwa na mkulima." Kazi ni ile ile, lakini sasa ng'ombe ndiye anayetangulia. Kiswahili hutia "w" katika kitenzi. Kiingereza hakina "w" hiyo, bali huongeza neno dogo mbele ya kitenzi:

"The farmer milks the cow."
"The cow is milked by the farmer."

Neno "is" limeingia, "milks" imekuwa "milked", na "by" ndiyo "na" yetu. Wakati ukibadilika, badili maneno madogo tu:

Jana: "The cow was milked."
Kesho: "The cow will be milked."
Lazima: "The cow must be milked."

Wakiwa ng'ombe wengi, tumia "are" na "were". Vitenzi vingine havifuati kanuni, na ni lazima kuvikariri: "pay" huwa "paid", "sell" huwa "sold", "give" huwa "given", "steal" huwa "stolen".

Jihadhari na mambo mawili. Kwanza, twasema "Nimeibiwa ng'ombe," lakini usiandike kwa polisi "I was stolen". Maana yake ni kwamba wewe mwenyewe ulichukuliwa na wezi! Andika "My cow was stolen." Pili, twasema "Nimefiwa na ndama," lakini Kiingereza hakiwezi kukigeuza kitenzi "die" hivyo. Andika "My calf died."

Sasa tufikie jambo kubwa. Tuseme mnunuzi wa mahindi amekuletea mapatano yenye maneno haya:

"Bags will be supplied. Transport will be paid."

Yaani, magunia yataletwa, na gharama ya kuchukua mahindi italipwa. Na nani? Hayakusema. Wewe wadhani ni mnunuzi, naye adhani ni wewe. Siku ya mavuno ugomvi utaanza, na karatasi haitakusaidia. Kwa hivyo, kila uonapo "will be" au "must be" pasipo "by", uliza: "Na nani?" Kisha omba iandikwe hivi:

"The buyer will supply the bags. The buyer will pay for transport."

Nawe ukiandika barua ya malalamiko, mtaje mtenda. "Twelve bags were collected" haisemi aliyeyachukua magunia. "Your driver collected twelve bags on 5th March" haina shaka.

Hata hivyo, kauli ya kutendwa si mbaya. Yafaa usipomjua mtenda, kama vile "My fence was cut last night." Yafaa pia ikiwa mtenda si muhimu, kama vile "The cattle were dipped on Monday," yaani ng'ombe waliogeshwa Jumatatu.

ZOEZI. Geuza sentensi hizi. Iliyo ya kutenda iwe ya kutendwa, na iliyo ya kutendwa iwe ya kutenda. Usitazame majibu kwanza.

1. "The vet treated the calf."
2. "The milk will be bought by the society."
3. "The fence must be repaired."

MAJIBU.

1. "The calf was treated by the vet."
2. "The society will buy the milk."
3. Haiwezekani kuigeuza, maana mtenda hakutajwa. Ukiiona katika mapatano, weka kalamu chini na uulize kwanza.