Bunduki ya Babu: Namna ya Kuitambua, Kuitunza na Kujiepusha na Maafa

Oktoba 1876 mpelelezi Henry Morton Stanley aliingia Maniema ya kusini, mashariki mwa Kongo, na kukutana na mfanyabiashara Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye wakati huo alikuwa amekwisha kujenga makao yake Kasongo. Katika habari za maisha yake alizoziandika mwenyewe kwa Kiswahili, na ambazo Mjerumani Heinrich Brode alizichapisha mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anasimulia kwamba mgeni huyo alimwonyesha bunduki na kudai kuwa inatoa risasi 15. Tippu Tip alikuwa amekulia katika misafara ya pembe na bunduki, na hakuamini. Aliuliza kama risasi zote hutoka katika mtutu mmoja. Stanley akaitikia, ila akataka alipwe kwanza ndipo aifyatue. Mwenyeji akamjibu kwamba upande wa Lomami kuna upinde unaorusha mishale 20 kwa pamoja, na kila mshale huua mtu. Hapo Stanley akatoka nje, akapiga mara 12, kisha akashika bastola akapiga mara 6. Waliokuwapo walistaajabu, na Tippu Tip akaomba aonyeshwe jinsi inavyoshindiliwa.

Anaeleza pia kwamba alipoitazama mara ya kwanza aliona kama mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, akadhani ule wa chini ni mdeki. Ndugu msomaji, kama unataka kuzijua bunduki hizi, anzia hapo, kwa sababu hata leo anayekutana na bunduki ya wenzo kwa mara ya kwanza hudhani vivyo hivyo. Kilicho chini ya mtutu ni bomba la kuwekea risasi. Risasi hulala humo zikifuatana, pua ya moja ikigusa kitako cha nyingine, na springi huzisukuma zirudi nyuma. Chini ya mwili wa bunduki, kuzunguka kifyatulio na kuendelea nyuma, kuna pete ndefu ya chuma inayoingia vidole: huo ndio wenzo. Ukiusukuma chini, viungo vya ndani vinakunjika kama goti, kizibo cha nyuma ya mtutu kinarudi, ganda tupu linarushwa nje, nyundo inalala nyuma, na kipande cha shaba kinapanda kikiwa kimebeba risasi nyingine. Ukiuvuta juu, goti linanyooka na risasi inaingia mahali pake. Kazi yote hiyo humalizika kwa mkono mmoja, katika muda ambao mwenye gobori hajamaliza hata kumimina baruti.

Mmarekani Benjamin Tyler Henry alipewa hati ya uvumbuzi wa bunduki ya namna hii mwaka 1860. Kampuni ya Winchester iliiboresha mwaka 1866 kwa kuongeza kilango cha kuingizia risasi ubavuni, upande wa kulia, kisha mwaka 1873 ikatoa ile iliyosambaa kuliko zilizotangulia. Winchester ndiyo Stanley aliyokuja nayo. Tukumbuke ilifanya kazi gani baada ya maonyesho yale. Novemba 1876 msafara wake uliondoka Nyangwe kufuata mkondo wa Lualaba, na silaha hizo zilielekezwa kwa watu wa vijiji vya mtoni waliokuwa na mikuki na mishale. Anayeipenda bunduki ya zamani kwa ufundi wake, nami naupenda, hana haki ya kuusahau upande huo.

Je, Winchester hizo bado zipo Maniema, huko Kasongo na Kabambare? Ni nadra, na sababu yake inajulikana. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba uliozuia kuingiza silaha kati ya nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta na nyuzi 22 kusini, hasa bunduki za kisasa zenye mikunjo ndani ya mtutu pamoja na risasi zake. Bunduki za gumegume zisizo na mikunjo ziliachiwa mlango chini ya usimamizi. Mkataba ulisema unapigana na biashara ya watumwa, na kweli biashara hiyo ilikuwa imeiharibu Maniema. Lakini matokeo yake yalikuwa pia kwamba bunduki nzuri zilibaki mikononi mwa dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, iliyotawala Kongo, na watu wengine wakabaki na magobori. Vita kati ya dola hiyo na Waarabu wa Maniema vilipoanza mwaka 1892, askari wa Dhanis, kamanda wa dola hiyo, walikuwa na bunduki za Albini. Nyangwe ilianguka Machi 1893, Kasongo tarehe 22 Aprili mwaka huo huo, na Kabambare, ngome ya Rumaliza, kiongozi mmoja wa Waarabu hao, Januari 1894.

Kwa hiyo ukifungua kanga kuukuu juu ya dari ukakuta bunduki, yaelekea ni mojawapo ya hizi. Kwanza ni gobori: mtutu mrefu, hauna mlango nyuma, hushindiliwa kupitia mdomoni. Likiwa la gumegume utaona taya dogo linaloshika jiwe na kisahani cha baruti ubavuni. Likiwa la fataki utaona nyundo na kinundu chenye tundu ambacho huvikwa fataki. Pili ni Albini, ambayo kifuniko chake nyuma ya mtutu hufunguka kwa kuinuliwa kwenda juu na mbele, na hubeba risasi moja tu. Tatu ni gobori la mafundi wetu wenyewe, ambalo mtutu wake huwa bomba la maji au chuma cha gari. Hilo la tatu naliogopa kuliko yote, maana chuma chake hakikukusudiwa kuhimili mlipuko, na likipasuka humpasukia mpigaji usoni. Bunduki ya wenzo utaitambua kwa ile pete chini na bomba chini ya mtutu, na ukiikuta una kitu adimu kabisa.

Kabla ya kusoma alama yoyote, chunguza kwanza kama imeshindiliwa. Wazee wengi waliacha gobori likiwa na baruti ndani kwa ajili ya nguruwe wa shambani, kisha wakafariki. Baruti nyeusi iliyokaa pakavu inaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi. Watoto watoke nje, na moto wa jikoni uzimwe kama uko karibu. Laza bunduki mdomo ukielekea mahali pasipo na mtu wala nyumba, nawe kaa ubavuni, usisimame mbele ya mdomo. Kama kuna fataki juu ya kinundu, au taya la jiwe au nyundo imevutwa nyuma, acha hapo hapo na usiendelee. Kama hakuna, chukua ufito mwembamba wa mti, si chuma, uuteremshe taratibu ndani ya mtutu mpaka ugote, bila kuusukuma kwa nguvu. Weka alama kwenye ufito pale mdomoni, kisha uutoe na kuulaza nje, sambamba na mtutu, alama ikiwa mdomoni. Ncha ya ufito ikifika usawa wa kinundu au tundu la moto, mtutu ni mtupu. Ikiishia vidole vitatu au vinne kabla ya hapo, kuna kitu ndani. Usikichokoe, usimwage maji ya moto, usimpelekee fundi wa kulehemu. Funga chumba.

Bunduki ya wenzo ina hila yake. Kuona kwamba hakuna risasi katika mtutu hakutoshi, kwa sababu bomba la chini linaweza kuwa limejaa, na kila wenzo unapochezwa huleta nyingine. Asiyeijua asiuguse wenzo kabisa.

Ukishajua kwamba ni tupu, ndipo kusoma kunapoanza. Beba kitambaa laini, na utumie mwanga wa ubavuni, asubuhi au jioni, maana jua la mchana huzificha alama zilizolika. Tazama chini ya mtutu na ubavu wake wa kushoto karibu na kitako. Magobori mengi yaliyoletwa Afrika ya kati yalitengenezwa Liège, Ubelgiji, na huko kila mtutu ulipimwa kwa baruti nyingi kabla ya kuuzwa. Uliofaulu uligongwa muhuri wa herufi ELG na nyota, ndani ya duara refu. Tangu 1893 taji liliongezwa juu ya duara hilo. Kwa alama hiyo moja, familia inaweza kujua kama bunduki yao ilipimwa kabla ya 1893, wakati vita vya Waarabu na dola ya Leopold vikiendelea, au baadaye, na mara nyingine habari ya mzee hupata nguvu au hupinduka kabisa. Bunduki ya Winchester ya 1873 ina namba yake kwenye ulimi wa chuma unaoingia chini ya kitako, nyuma ya wenzo. Makumbusho ya silaha ya Cody, jimbo la Wyoming, Marekani, yanatunza daftari nyingi za kiwanda hicho, na kwa aina kadhaa za zamani wanaweza kueleza kwa barua bunduki yenye namba fulani ilitoka lini na ikiwa na umbo gani.

Kuhusu kusafisha, kazi kubwa ni kujizuia. Msasa ukipita juu ya muhuri wa Liège, habari imepotea na hairudi. Futa vumbi, paka mafuta membamba ya mashine, futa tena. Mawese yasitumike, kwani hugandamana na kushika unyevu, na kutu hupata makao. Misumari ya shaba iliyopigwa kwenye kitako, kamba za ngozi, hata ufa uliofungwa kwa waya, vyote viache. Hizo ni alama za mikono ya waliokuwa nayo. Usiiegemeze kwenye ukuta wa udongo, kwa kuwa mchwa hula kitako bila wewe kujua mpaka siku utakapoiinua.

Sasa sheria. Silaha na risasi nchini Kongo zinatawaliwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na msingi wake ni kwamba raia hamiliki silaha ya moto bila kibali cha serikali. Kuwinda nako kuna kibali chake, chini ya sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Usitegemee hoja kwamba bunduki ni ya zamani mno. Kabambare imeteseka kwa makundi yenye silaha, wakiwamo Malaika upande wa Salamabila, na askari kwenye kizuizi akimwona kijana na mtutu begani hatauliza ulitengenezwa mwaka gani. Raia anayehusishwa na silaha za vita anaweza pia kujikuta mbele ya mahakama ya kijeshi, chini ya sheria ya 18 Novemba 2002.

Kwa hiyo bunduki ibaki ndani, na wewe uende bila bunduki. Nenda na mkubwa wa ukoo kwa shefu wa kijiji, kisha pamoja naye kwa polisi au ofisi ya mtawala wa eneo. Eleza mlichokiona, mahali kilipo, na kama mnadhani kimeshindiliwa. Omba waje wao. Ombeni pia karatasi inayoonyesha kwamba ni nyinyi mliotoa taarifa, na mbaki na nakala. Nchi ina tume ya taifa ya kudhibiti silaha ndogondogo, CNC-ALPC, na mkuu wa polisi anaweza kupeleka suala huko. Msimuuzie mtu anayepita na fedha mkononi, hata akijiita mkusanyaji. Hamjui mtutu huo utaelekezwa kwa nani.

Wasomaji wetu walioko ughaibuni wana nafasi ambayo sisi hatuna. Marekani, kwa sheria ya shirikisho ya 1968, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kwa kawaida huhesabiwa ya kale, ingawa majimbo yana masharti yao na hadhi ya ukaazi wa mtu huhitaji kuangaliwa kwanza. Anayetaka kujifunza kupiga Winchester ya zamani ajiunge na klabu yenye uwanja na mwalimu, na fundi wa bunduki aikague kabla ya risasi ya kwanza. Yapo mambo mawili ambayo wageni wa bunduki hizi huyakosea. La kwanza ni risasi yenye pua kali. Ndani ya lile bomba, pua hugusa fataki ya risasi iliyo mbele yake, na mshindo mmoja unaweza kuiwasha bunduki mikononi; ndiyo maana risasi zake hutengenezwa na pua bapa. La pili ni baruti. Winchester ya 1873 iliundwa kwa baruti nyeusi, kama gramu 2.6 kwa risasi ya .44-40, na lile goti la ndani halikuumbwa kwa nguvu za risasi kali za leo. Chuma cha kuhimili baruti isiyo na moshi kilifuata katika aina ya 1894, iliyobuniwa na John Browning, mtu yule yule aliyekuja kufanya kazi na kiwanda cha FN cha Herstal na kufariki huko Liège mwaka 1926.

Hata bunduki ikiondoka nyumbani, habari yake yaweza kubaki. Kabla polisi hawajafika, kama ni salama, piga picha za pande zote mbili, kisha moja ya karibu kwa kila alama, ukiweka kiberiti pembeni ili ukubwa uonekane. Picha hizo zikae ndani ya ukoo. Usizirushe mitandaoni, zitakuletea wageni usiowataka. Halafu keti na wazee. Uliza bunduki ilitoka kwa nani, ilipatikana kwa pembe, kwa vita au kwa mahari, ilimpiga nani, nani alikataa kuishika. Andika na majina ya wasimulizi na tarehe ya mazungumzo. Waulize akina mama wakubwa pia, kwani wao ndio waliojua inafichwa wapi na kwa nini.

Na walio karibu na Tongoni, ilipokuwa Kasongo ya Tippu Tip, ambako wanaakiolojia wamefanya uchimbaji, jembe likigonga chuma cha mtutu au rundo la risasi za mviringo, msikivute. Chuma kilichokaa ardhini kwa zaidi ya karne hubomoka kikikauka ghafla, na mahali kilipolala hueleza mengi kuliko chenyewe. Kifunikeni kwa udongo ule ule, wekeni alama, mwiteni shefu. Kikiwa na umbo la bomu au guruneti la vita vya karibuni, ondokeni wote kwa kukanyaga nyayo mlizokujia, na mtu mmoja abaki mbali njiani kuwazuia wengine mpaka wataalamu wa kutegua wafike.