Nguvu za Mwili kwa Mkulima: Jinsi ya Kuanza Mazoezi Bila Vyombo

Mkulima mwenye busara hangoji mpini wa jembe uvunjike katikati ya msimu ndipo atafute mwingine. Hunoa panga kabla ya kufyeka, hupaka mafuta vyuma vya plau kabla ya mvua, na ng'ombe wake humpeleka joshoni kwa siku yake. Lakini kiko chombo kimoja ambacho wengi wetu hatukitengenezi hata kidogo, nacho ni mwili wenyewe. Chombo hiki hakina duka la vipuri. Kikiharibika siku ya kupanda, shamba lote husimama.

Somo hili ni kwa wakulima wote wa skimu za makazi, wazee na vijana, wake kwa waume. Laeleza jinsi ya kuujenga mwili kwa uzito wa mwili wenyewe, nyumbani, bila kulipa hata senti moja.

JE, KAZI YA SHAMBA HAITOSHI?

Hili ndilo swali la kwanza ambalo kila mkulima huuliza, na ni swali la haki. Mtu aliyelima tangu asubuhi ataambiwaje kwamba ahitaji mazoezi?

Jibu ni kwamba kazi ya shamba ni mazoezi mema kweli. Kulima, kutembea upesi hadi kituo cha maziwa, na kukata majani ya ng'ombe ni kazi zinazotia nguvu moyo na mapafu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lashauri kila mtu mzima ajishughulishe kwa dakika 150 hadi 300 kila juma kwa kazi ya kiasi. Wakulima wengi hufikisha hesabu hiyo bila shida.

Lakini mwongozo huo huo wasema pia kwamba, siku 2 au zaidi kwa juma, mtu afanye mazoezi ya kutia nguvu misuli mikubwa yote ya mwili. Hapa ndipo kazi ya shamba ina upungufu, kwa sababu tatu.

Kwanza, kazi ya shamba huinamisha mwili upande mmoja tu. Tunalima tumeinama, tunapalilia tumeinama, tunakama tumeinama. Misuli ya kifua na mabega haipati kazi sawa na ile ya kiuno, na mkono wa kulia huzidi wa kushoto.

Pili, kazi ya shamba huja kwa vishindo. Baada ya majuma mengi ya kazi nyepesi, mvua hunyesha na kila kitu hutakiwa kwa siku tatu. Mwili ambao haukutayarishwa hubeba ghafula gunia la mahindi la kilo 90. Maumivu ya kiuno mara nyingi huanza hapo.

Tatu, maisha yamebadilika. Wale waliopewa mashamba katika mpango wa Eka Milioni ulioanza mwaka 1962 walikwenda kwa miguu na kulima kwa mkono. Leo wengi twapanda pikipiki hadi sokoni, trekta hulima, na jioni twaketi. Shinikizo la damu na ugonjwa wa kisukari si magonjwa ya mjini peke yake tena. Yamo vijijini mwetu.

Tena likumbukwe jambo hili: mtu akisha kupita miaka 30 na kitu, misuli yake huanza kupungua pole pole, na baada ya miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Ndiyo sababu mzee hushindwa kuinuka kitini bila kushika kitu, au hujikwaa na kuvunja mfupa wa nyonga. Habari njema ni kwamba misuli ya mzee huitikia mazoezi kama ya kijana, ingawa kwa mwendo wa polepole.

FUNDISHO KUTOKA KANADA

Mwishoni mwa miaka ya 1950, Jeshi la Anga la Kanada lilikuwa na taabu. Askari wake wengi walikaa katika vituo vya mbali, penye baridi kali, pasipo na nyumba za michezo wala vyombo. Bwana mmoja aitwaye Bill Orban alitunga mazoezi matano yasiyohitaji chombo chochote, yakitumia dakika 11 tu kwa siku. Kila mtu alianza chini kabisa, akapanda ngazi moja moja. Wanawake nao walitungiwa yao, mazoezi kumi ya dakika 12.

Baadhi ya mazoezi yale hayapendekezwi tena siku hizi, hasa lile la kulala chali miguu imenyoshwa na kuinuka kukaa, kwa kuwa laweza kuumiza kiuno. Lakini kanuni yake bado ni kweli: anza na kidogo, ongeza pole pole, wala usiruke ngazi.

KABLA YA KUANZA

Pima damu yako kwanza. Wahudumu wa afya ya jamii walioanza kazi katika mpango wa mwaka 2023 walipewa vifaa vya kupima shinikizo la damu na sukari, kwa hiyo muulize yule wa kijiji chako. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lililo juu sana, au ngiri, na mama mjamzito, wafike zahanati waulize kwanza. Mwenye kisukari anayetumia dawa ya sindano asifanye mazoezi kabla ya kula.

Ukiwa katika mazoezi ukaumwa kifua, ukaona kizunguzungu, au ukakosa pumzi kupita kawaida, acha mara moja na utafute msaada.

MAZOEZI SITA

Tembea kwa dakika 3 kwanza kuzunguka boma, ukizungusha mikono, ili mwili upate joto. Kisha fanya haya kwa utaratibu.

1. Kuketi na kusimama. Egemeza kiti kigumu ukutani kisiteleze. Simama mbele yake, miguu imeachana kadiri ya mabega. Rudisha makalio nyuma, shuka ukihesabu hadi 3, gusa kiti, kisha simama. Visigino visiinuke, na magoti yaelekee kule vinakoelekea vidole. Likiwa rahisi, ondoa kiti uchuchumae chini zaidi.

2. Kusukuma. Simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka kifua kikaribie ukuta, kisha jisukume urudi. Mwili ukae umenyoka kama fito. Ukuta ukiwa mwepesi kwako, tumia meza imara, halafu benchi, na mwisho ardhi. Anayejisukuma kutoka chini huinua karibu theluthi mbili ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 huinua kilo 40 hivi. Basi usione haya kuanza na ukuta.

3. Kuvuta. Zungusha kamba imara ya ng'ombe kwenye nguzo iliyosimama vema, au mti, usawa wa kifua. Shika ncha mbili, egemea nyuma mikono ikiwa imenyoshwa, kisha jivute mpaka mikono ifike mbavuni. Kadiri miguu inavyosogea karibu na nguzo ndivyo kazi inavyokuwa nzito. Zoezi hili hutengeneza mgongo wa juu uliochoka kuinama. Jaribu nguzo na kamba kabla ya kuzitegemea.

4. Kuinama kwa nyonga. Hili ndilo zoezi la mkulima kuliko yote. Chukua mpini wa jembe, uweke mgongoni uguse mahali patatu: kisogo, kati ya mabega, na mfupa wa juu ya makalio. Legeza magoti kidogo, sukuma makalio nyuma na uiname, mpini usiache kugusa mahali pote patatu. Kisha simama kwa nguvu ya makalio na mapaja. Mpini ukiachana na mgongo, ujue umekunja kiuno. Ukisha kuzoea, inua hivyo hivyo debe la maji nusu, halafu debe zima la lita 20, ambalo ni kilo 20.

5. Kujikaza kama ubao. Lala kifudifudi, jiinue juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili wote unyoke. Kaza tumbo, endelea kuvuta pumzi. Sekunde 10 zatosha siku ya kwanza. Asiyeweza aweke magoti chini.

6. Kusimama kwa mguu mmoja. Shika kiti au ukuta kwa kidole, inua mguu mmoja, simama sekunde 10 hadi 30, kisha badili. Kwa vijana ni mchezo, lakini kwa wazee ni kinga ya kuanguka. Mtu wa miaka 65 na zaidi afanye mazoezi ya namna hii siku 3 kwa juma au zaidi.

HESABU YA MAJUMA MANANE

Fanya mazoezi siku tatu kwa juma, mathalani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Usifanye kila siku, maana misuli hujengeka wakati wa kupumzika.

Juma la 1 na la 2: fanya kila zoezi mara 6 hadi 8, mzunguko mmoja.

Juma la 3 na la 4: mara 6 hadi 8, mizunguko miwili.

Juma la 5 na la 6: mara 10 hadi 12, mizunguko miwili.

Juma la 7 na la 8: panda ngazi katika yale mazoezi uliyoyamudu, yaani kutoka ukutani hadi mezani, kisha urudi kwenye mara 6.

Mazoezi ya 5 na 6 huhesabiwa kwa sekunde: anza na 10, ongeza 5 kila juma.

Katika kila zoezi acha ukiwa bado waweza kufanya mara mbili au tatu zaidi. Mizunguko miwili haizidi dakika 20. Andika hesabu yako katika daftari, kama uandikavyo maziwa ya kila ng'ombe. Ng'ombe asiyeandikwa hujui kama anaongeza au anapunguza, na mwili ni vivyo hivyo.

Katika majuma ya kupanda au kuvuna, usijilazimishe. Mzunguko mmoja, siku moja kwa juma, watosha kuhifadhi sehemu kubwa ya nguvu ulizopata. Kazi ikipungua, rudi kwenye utaratibu.

MAMBO YA KUANGALIA

Usibane pumzi. Toa pumzi unapojisukuma au unapoinuka. Kubana pumzi hupandisha shinikizo la damu kwa ghafula.

Pambanua uchovu na maumivu. Misuli kuuma siku ya pili au ya tatu ni kawaida, nayo hupoa yenyewe. Lakini maumivu makali ya ghafula, au maumivu ndani ya kiungo, ni onyo. Punguza au acha.

Kula chakula cha kujenga mwili. Ugali na mboga peke yake havitoshi. Maharagwe, ndengu, mayai, maziwa na omena ndivyo matofali ya misuli. Si vema kuuza maziwa yote na kuacha nyumba bila kikombe.

MASWALI AMBAYO WENGI HUULIZA

Kiuno changu chauma. Je, nilale mpaka kipone? La. Maumivu mengi ya kiuno hupungua upesi zaidi mtu akiendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi kuliko akilala kitandani siku nyingi. Lakini kama miguu imekufa ganzi au haina nguvu, au huwezi kuzuia mkojo, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nitaona faida lini? Katika majuma ya kwanza nguvu huongezeka kwa sababu mishipa ya fahamu inajifunza kuamrisha misuli. Misuli yenyewe huchukua miezi michache kuonekana. Usikate tamaa kwa kuwa kioo hakijabadilika. Tazama daftari.

Mke wangu hubeba maji na kuni kila siku. Naye ahitaji? Naam, na pengine kuliko wewe, kwa kuwa mzigo wake ni wa kila siku na mgongo wake haupumziki. Mazoezi ya 3 na ya 4 yatamfaa sana. Na wewe, baba, saa anapofanya mazoezi, chukua debe ukateke maji. Hilo nalo ni zoezi.

Watu watanicheka. Labda siku ya kwanza. Waite wafanye pamoja nawe. Mazoezi ya watu watano hudumu kuliko ya mmoja, na chama chenu cha ushirika chaweza kutenga robo saa kabla ya mkutano.

Shamba la skimu lilipatikana kwa taabu, na kwa nyumba nyingi bado latunzwa na mwili mmoja au miwili tu. Mwenye mwili huo akilala kitandani msimu mmoja, deni huingia, na kibarua wa kumlimia hutaka fedha kabla ya mavuno. Kwa hiyo leo jioni, baada ya kukama, weka kiti ukutani, ukae na kusimama mara sita, na uandike katika daftari tarehe ya kuanza.