Alama ya Fairtrade inaanza na kaye ya malipo

Wandugu wa koperative,

Katika magazini za hapa Lubumbashi kuko divai ya Afrika ya Kusini, na chupa zingine ziko na alama ndogo ya Fairtrade. Wengi wanafikiri ni alama ya utamu. Hapana. Inaeleza namna watu wa shamba wanavyotendewa.

Kule Cape, muda mrefu sana, watu wa mashamba ya zabibu walipewa divai kama sehemu ya mshahara. Desturi hiyo iliitwa dop. Sheria ilikataza, lakini mashamba mengine yaliendelea mpaka miaka ya 1990. Ulevi ukaingia nyumba kwa nyumba, na mpaka leo eneo lile liko kati ya yale yenye watoto wengi duniani waliozaliwa na ulemavu wa pombe ya mama.

Shamba yenye alama inapaswa kulipa feza, kwa mapatano yanayojulikana. Mtoto chini ya miaka 15 haajiriwi. Chini ya 18 hagusi dawa ya kupuliza. Tena mnunuzi anaongeza primu, na matumizi yake yanaamuliwa na wafanyakazi wenyewe, si mwenye shamba. Kwa koperative ya walimaji wadogo, kama Sopacdi ya kahawa kule Minova, ni mkutano mkuu ndio unapiga kura. Primu ya kahawa ni senti 20 za dola kwa kila paundi, ni kusema karibu nusu kilo.

Sisi wa Hewa Bora je? Niseme wazi: kwa mahindi na mboga za kuuza soko ya Kenya, musikimbilie alama. Ukaguzi unalipiwa, na mnunuzi wa kule hataongeza hata franga moja.

Lakini dop tuko nayo. Wakati wa kupalia, ni wangapi wanalipa kijana sahani ya bukari na glasi ya lutuku? Mwaka uliopita nilimuona mmoja akirudi nyumbani jioni akiyumba, mikono mitupu, bibi yake anangojea feza ya unga. Mwenye shamba alikuwa memba wetu. Niliona haya.

Basi tununue kaye moja. Jina, siku, kazi, bei mliyopatana kabla ya jembe kugusa udongo, feza iliyotolewa. Bibi na bwana wakifanya kazi pamoja, kila mmoja mstari wake na feza yake mkononi. Asiyejua kuandika anaweka kidole. Kwenye mkutano wa mwezi, mtu mwingine, si mtunza feza, anaisoma kwa sauti.