Vumbi la Melini: Mali bila Daftari

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huu tumezoea kuutumia dukani na shambani. Mwezi huu tutautumia kwenye afya.

Wako wazee waliolitumikia Jeshi la Majini la Marekani wakiwa vijana, wakavuta vumbi la asbesto ndani ya meli. Leo wamezeeka, na pumzi imekuwa fupi. Sheria ya huko inawaruhusu kudai fidia, lakini dai halisimami kwa maneno matupu, husimama kwa karatasi na ushahidi. Familia zenye mzee wa namna hiyo, awe baba, mkwe au jirani, zisome somo hili kwa makini.

ASBESTO NI NINI?

Asbesto ni madini ya mwambani yenye nyuzi laini sana. Haishiki moto, na huzuia joto. Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1930 hadi miaka ya 1970, ilitumika kwa wingi katika meli za kivita. Ilifungwa kwenye mabomba ya mvuke na maboila, ikawekwa ndani ya gasketi, pampu na vali.

Ikikaa bila kuguswa, madhara yake ni madogo. Hatari huja inapokatwa, inapokwanguliwa au inapovunjika. Baharia aliyebandua kifuniko kikuukuu cha bomba katika chumba chenye hewa kidogo alijaza nyuzi hizo hewani. Aliyesimama karibu naye alizivuta vilevile, hata kama hakushika chombo chochote.

MAGONJWA YANAYOLETWA NA VUMBI HILI

Kuna asbestosisi, ambapo mapafu hujaa makovu na kuwa magumu. Kuna saratani ya mapafu. Na mtu aliyevuta asbesto na sigara pia, hatari yake huongezeka mno. Tatu ni mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu au tumbo. Magonjwa haya hayaambukizi.

Jambo la kutisha ni kuchelewa kwake. Mesotelioma huweza kujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta vumbi. Dalili ni kukosa pumzi, kikohozi kisichokoma, maumivu ya kifua na kukonda. Dalili hizo huweza kuwa za ugonjwa mwingine, kwa mfano kifua kikuu, kwa hiyo mgonjwa afike hospitali. Na akifika, amweleze daktari kazi aliyofanya ujanani. Daktari asipoambiwa, hawezi kuotea.

MILANGO MIWILI YA KUDAI

Mlango wa kwanza ni idara ya serikali ya Marekani inayowahudumia askari wastaafu. Hapo mzee huomba malipo ya ulemavu na matibabu. Akifariki kwa ugonjwa uliotokana na utumishi, mjane wake naye huweza kuomba. Huulizwa mambo matatu: ugonjwa uliothibitishwa na daktari, ushahidi kwamba alikutana na asbesto jeshini, na maelezo ya daktari yanayounganisha hayo mawili.

Mlango wa pili ni mahakama. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa mwaka 1950, askari hawezi kuishtaki serikali yake kwa madhara aliyoyapata kutokana na utumishi. Anaoweza kuwashtaki ni watengenezaji wa vifaa. Mwaka 2019 mahakama hiyo hiyo iliamua dai lililoletwa na familia za mabaharia wawili waliofariki kwa saratani. Watengenezaji walijitetea kwamba waliuza mashine tupu, na asbesto iliongezwa baadaye. Mahakama ilisema kwamba ikiwa mashine ilihitaji kipande hicho ili ifanye kazi, na mtengenezaji alijua hatari yake lakini watumiaji hawakuijua, ilimpasa kuwaonya.

DAFTARI LA MZEE

Chukueni daftari moja na bahasha moja kubwa. Wekeni humo mambo yafuatayo:

1. Hati ya utumishi. Askari wa Marekani akimaliza utumishi hupewa hati iitwayo DD 214, inayoonyesha tarehe na aina ya kazi yake. Ikipotea, huombwa katika ofisi ya kumbukumbu iliyoko St. Louis, jimbo la Missouri. Kama amefariki, mjane au mtoto wake anaweza kuiomba. Msivunjwe moyo na habari za moto wa mwaka 1973 katika ofisi hiyo: ulichoma kumbukumbu za jeshi la nchi kavu na la anga, si za wanamaji.

2. Meli na tarehe. Andikeni kila meli, mwaka wa kupanda na wa kushuka. Kila meli ya jeshi ilikuwa na kitabu cha matukio ya kila siku, na vingi vimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa za Marekani. Kitabu hicho hakitaji vumbi, lakini huweza kuonyesha siku meli ilipoingia gatini kwa matengenezo makubwa, wakati ambapo vifuniko vya mabomba vilibomolewa.

3. Kazi yenyewe. Msimwulize mzee, "Je, ulikutana na asbesto?" Huenda hakulijua jina hilo. Mwulizeni: "Baba, asubuhi ulianzia chumba gani? Ulishika vifaa gani? Ulilala karibu na mabomba? Nani alifagia, na vumbi lilikuwa na rangi gani?" Andikeni majibu kwa maneno yake mwenyewe.

4. Majina ya viwanda. Kwa mlango wa mahakama, hili ndilo jambo zito. Ni jina gani lilibandikwa kwenye pampu, boila au boksi la gasketi?

5. Mashahidi. Tafuteni mabaharia waliofanya kazi naye. Barua yenye kiapo kutoka kwa mtu aliyekuwa chumba kimoja naye ina uzito mkubwa.

6. Karatasi za hospitali. Picha za kifua, majibu ya vipimo vya maabara na barua za madaktari.

7. Kazi nyingine. Kama alifanya kazi kiwandani au kwenye ujenzi kabla au baada ya jeshi, iandikwe pia. Kuficha huharibu dai zima.

FUNZO KUTOKA TEXAS

Clarence Borel hakuwa askari. Alikuwa fundi wa kufunika mabomba huko Texas, katika karakana za meli na viwanda vya mafuta, tangu mwaka 1936 hadi 1969. Alipougua aliwashtaki watengenezaji. Alifariki kabla kesi haijasikilizwa, lakini maelezo yake yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa kwa kiapo. Mwaka 1973 mahakama ya rufani ilithibitisha ushindi wake, na kesi hiyo ikafungua njia kwa wengine wengi. Mwili ulizikwa, ushahidi ukabaki.

MSICHELEWE

Muda wa kufungua kesi hutofautiana kila jimbo. Katika baadhi ya majimbo ni mwaka mmoja au miwili tu, na mara nyingi huhesabiwa tangu ugonjwa ulipogunduliwa. Kwa hiyo mwoneni wakili mapema, na msitie sahihi karatasi msiyoielewa.

Tusisahau pia akina mama. Wapo walioumwa kwa sababu ya kufua nguo za kazi zilizojaa vumbi. Mke au binti mwenye shida ya kifua naye aeleze habari hiyo hospitalini.

Hata nyumbani kwetu Afrika Mashariki bado yapo majengo yenye paa za asbesto. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, lakini paa za zamani hazikuondoka siku hiyo. Msizivunje wala kuzikwangua wenyewe. Na kila anayefanya kazi ya vumbi atunze barua zake za kazi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nani katika ukoo wetu alifanya kazi ya vumbi, wapi, na mwaka gani?
2. Karatasi zake ziko wapi, na nani anajua zilipo?
3. Ni jambo gani mzee wetu peke yake analijua, ambalo hatujamwuliza bado?

Swali la tatu lisisubiri mwezi ujao.