Kupiga kambi na watoto penye utulivu

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, kambi za Ziwa Naivasha hujaa hata kulala ni shida. Nasi wenye watoto tutaenda lini kama si wakati huo? Basi tubadilishe mahali, tena twende Jumatatu hadi Alhamisi.

Tunapendekeza msitu wa Kakamega. Upande wa Buyangu, kaskazini, uko chini ya KWS. Isecheno, kusini, ni wa KFS. Ndovu na nyati walikwisha huko zamani, kwa hivyo watoto hutembea kwa miguu na kiongozi wakitazama mbega. Lakini nyoka wako, tena wenye sumu kali: mtoto asiende na ndara. Mvua hupenda kunyesha alasiri, basi simamisheni hema mapema, penye mwinuko, mbali na mti mkavu.

Kabla ya kutoa nauli ulizeni: maji yako? Choo je? Usiku nani analinda? Na je, kuna shule iliyokwisha kuandikisha siku hizo? (Hili watu husahau, halafu wanakesha na wanafunzi mia.) Kuni msikate, bebeni makaa na jiko lenu.