Hisa Inaposhuka Bei: Kusubiri au Kuuza?

Mwekezaji aliyenunua hisa kwa bei ya juu, kisha akaiona ikishuka mwezi baada ya mwezi, hukabiliwa na swali gumu: aendelee kuishikilia au aiuze? Mara nyingi fedha hizo ni akiba ya ada za watoto au ya maisha ya uzeeni. Katika somo hili tunatumia mfano wa Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu, yaani vipande vidogo vya silikoni vinavyoendesha kompyuta. Hatumshauri msomaji kununua wala kuuza hisa hiyo. Tumeichagua kwa sababu historia yake ni ndefu na inafahamika.

Yaliyotokea

Mwishoni mwa Agosti 2000 hisa moja ya Intel ilikuwa na bei ya takriban dola 75. Oktoba 2002 bei ilikuwa chini ya dola 14, na zaidi ya miaka 20 ilipita bila kurejea kwenye kilele kile. Katika miaka hiyo simu za kisasa zilienea zikitumia chipu za kampuni nyingine, TSMC ya Taiwan iliitangulia Intel katika ufundi wa kutengeneza chipu, na Nvidia ilishika soko la chipu za akili mnemba. Tarehe 1 Agosti 2024 Intel ilitangaza hasara, kupunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi wake, na kusitisha gawio. Siku iliyofuata bei ilishuka kwa zaidi ya robo.

Mitazamo mitatu ya wanaosubiri

Wa kwanza husema: "Nitauza bei ikirudi pale niliponunulia." Hoja hii inaeleweka, lakini soko halijui wala halijali bei aliyonunulia mtu. Tukumbuke pia hesabu yake: hisa iliyoshuka kutoka dola 75 hadi dola 15 imepoteza asilimia 80, na ili irudi pale ilipokuwa haina budi kupanda mara tano.

Wa pili husema: "Bei imeshuka, basi naongeza nyingine ili kupunguza wastani." Tuseme mtu alinunua hisa 10 kwa dola 60, kisha 10 nyingine kwa dola 30. Wastani wake ni dola 45, lakini fedha alizoweka zimetoka dola 600 hadi dola 900. Bei ikishuka hadi dola 20, hasara yake ni dola 500. Kama asingeongeza, ingekuwa dola 400. Kununua zaidi kuna maana pale tu kampuni yenyewe inapostahili fedha mpya.

Wa tatu husema: "Bei si hoja, mimi nafuata gawio." Intel ilikuwa imelipa gawio tangu mwaka 1992. Hata hivyo, mwaka 2023 ilipunguza gawio la robo mwaka kutoka senti 36.5 hadi senti 12.5 za dola kwa hisa, na mwaka uliofuata ikalisitisha. Gawio hutegemea faida na uamuzi wa kampuni, si ahadi.

Je, kuuza ndiko salama?

Si lazima. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilikubali kuchukua takriban asilimia 10 ya Intel, na kabla ya mwaka huo kwisha bei ilivuka dola 30, baada ya kuwa karibu dola 20. Aliyeuza kwa hofu wakati bei iko chini aliikosa nafuu hiyo. Aliyenunua kwa dola 75 bado alikuwa mbali na mtaji wake. Kwa hiyo kushuka kwa bei peke yake si sababu ya kuuza, kama ambavyo hasara ya jana si sababu ya kusubiri. Maji yakimwagika hayazoleki; linalobaki mikononi mwetu ni uamuzi wa leo.

Maswali ya kujiuliza

1. Kama leo ningekuwa na fedha taslimu zenye thamani ya hisa hizi, je, ningezinunua? Kama jibu ni hapana, kwa nini naendelea kuzishikilia?

2. Sababu iliyonifanya ninunue bado ipo? Tusome taarifa za fedha za kampuni: mauzo, faida, madeni na nafasi yake mbele ya washindani.

3. Fedha hizi nitazihitaji lini? Ada ya Januari haiwezi kungoja bei ipande.

4. Ni sehemu gani ya akiba yangu iko kwenye kampuni hii moja? Aliyenunua hisa za nje azingatie pia kwamba thamani ya dola dhidi ya shilingi hubadilika.

Zoezi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari na uandike, kwa kila hisa unayomiliki, sababu ya kuinunua na jambo ambalo likitokea utaiuza. Fanya hivyo leo, kabla bei haijashuka, kwa maana hofu ikishaingia huwa vigumu kuamua kwa utulivu. Ukihitaji ushauri, muulize dalali au mshauri wa uwekezaji mwenye leseni, nawe uhakiki leseni yake kabla ya kumkabidhi fedha.